Marehemu Hajambo

Bakuli la kwanza la matanga lilifika Jumatatu saa nne asubuhi, na aliyelipokea mlangoni ni marehemu mwenyewe.

Mzee Casimir Wojtas alikuwa peke yake nyumbani, mguu mmoja umefungwa bendeji mpaka gotini. Wiki tatu nzima hakuwa ametoka. Aliteleza kwenye ngazi za mbele akimwaga chumvi ya kuyeyusha barafu ili watu wengine wasiteleze, habari ambayo mkwewe Duane alikuwa bado hajachoka kuisimulia. Kengele ilipolia alijikongoja, akafungua, akamkuta Bernice Pulaski wa parokiani amekumbatia bakuli kubwa la kioo lililofunikwa foili.

Bernice alimtazama. Akatazama namba ya nyumba. Akamtazama tena.

"Yesu na Maria!"

"Hapana, ni mimi tu," Mzee Casimir akamjibu. "Umeleta nini?"

"Viazi vya jibini. Na nyama ya nguruwe. Vya... vya msiba."

"Msiba wa nani?"

Bernice alilinyoosha lile bakuli. "Wako, Caz."

Mtaani kwetu viazi vya namna ile, vilivyookwa na jibini na kunyunyiziwa chembe za mahindi juu, havipikwi mpaka mtu azikwe, kwa hiyo hapakuwa na la kubisha. Mzee alifikiri kidogo, kisha akamkaribisha ndani, maana vilikuwa bado vya moto.

Mezani Bernice alieleza, huku akimgusagusa mkono kuhakikisha una joto. Alikuwa ameona bango maktaba: JIONI YA MASHAIRI. ALHAMISI SAA MOJA. RENATA WOJTAS ATASOMA KITABU CHAKE CHA KUMLILIA MAREHEMU BABA YAKE. Akakumbuka kwamba Ijumaa tatu mfululizo Caz hakuonekana parokiani kwenye mlo wa samaki wa Kwaresima, yeye aliyekuwa akiuza tiketi za bahati nasibu pale mlangoni kwa sauti ya kuvunja vioo. Akampigia Eugene, nahodha wa timu yao ya bolingi, ule mchezo wa kuviringisha tufe kuangusha pini. Eugene naye akasema, ndiyo maana simu haipokelewi.

"Niliizima," alisema Mzee. "Kila siku wananipigia kuniuzia bima ya mazishi."

"Sasa tungejuaje?"

"Mngekuja kuniangalia!"

"Si nimekuja?" Bernice akasema, na kwa hilo hakuwa na kosa. Akainamisha kichwa. "Caz, kuna jambo lingine. Nimekulipia misa. Jumapili, ya saa nne. Dola kumi. Imeshachapwa kwenye karatasi ya matangazo, tena ina msalaba kando ya jina."

Mzee Casimir aliendelea kula. Kufa alikuwa amekuchukua kwa utulivu ambao hata yeye ulimshangaza.

"Na Eugene amempa mtu nafasi yako," Bernice akaongeza.

Uma ukaanguka. "Amempa nani?"

"Shemeji yake. Yule wa meno ya bandia."

"Yule!" Mzee alisimama akasahau mguu, akakaa tena kwa maumivu. "Yule hawezi kuangusha pini hata ukimlazia chini wewe mwenyewe! Wiki tatu tu, Bernice? Wiki tatu, na viatu vyangu vya bolingi havijapoa?"

*

Renata alirudi saa tisa na nusu, mtoto mkononi, mfuko wa insha za wanafunzi begani. Alikuwa na umri wa miaka thelathini na tisa. Miaka sita alikuwa akifundisha chuoni kwa kulipwa kwa saa, bila ofisi. Wanafunzi waliotaka kumwona walimkuta ndani ya gari lake, kiti cha nyuma. Aliingia jikoni akaona mabakuli matatu mezani, kila moja limebandikwa utepe wenye jina la mwenyewe ili lirudishwe. Akasimama hapohapo. Hakuuliza nani amekufa.

"Babu, tuna sherehe?" aliuliza Halina, wa miaka minne, akipaza sauti kama kawaida yake. Masikio yake yalikuwa na maji ndani, na daktari alisema yatobolewe na kuwekwa vijibomba vidogo kabla hajaanza shule.

"Sherehe kubwa," alisema Mzee. "Nenda ukavue buti. Wewe, mama yake, kaa chini. Nieleze nilikufa lini."

Renata alikaa bila kuvua koti. "Novemba, Baba."

"Novemba ipi?"

"Ya miaka mitatu iliyopita."

"Nilikuwa naumwa nini?"

"Moyo. Wakati wa upasuaji."

"Upasuaji ule ule niliopona?"

"Ule ule."

Mzee Casimir aliitika polepole. "Na nilikufa vizuri?"

"Vizuri sana, Baba. Watu wanalia."

"Wewe uliniambia kitabu kinahusu ziwa!"

"Ziwa limo. Ukurasa wa thelathini na moja."

Basi akasema yote. Miaka kumi na moja alikuwa akituma mashairi kwenye majarida, kila bahasha na dola tatu za kusomewa, na kila jibu lilikuwa lilelile: tunashukuru, hayatufai kwa sasa. Alituma ya ziwa, ya theluji, ya mapenzi, hata la Duane anavyokoroma. Halafu akatuma moja aliloandika siku ile hospitalini, ambamo baba anakufa. Likakubaliwa kwa siku tisa. Mhariri akaandika barua kwa mkono: pole sana kwa msiba.

"Ukamjibuje?"

"Nikasema asante."

"Asante!"

"Nilitaka kumweleza, Baba. Barua niliiandika. Kabla sijaipeleka posta akaomba mengine mawili."

"Kumbe nikiwa maiti nina soko."

"Sikiliza. Katika kazi yetu, mtu anayesema 'mimi' ndani ya shairi si lazima awe yule aliyeandika."

"Sawa. Na baba wa huyo anayesema 'mimi'?"

"Naye si lazima awe wewe."

"Anaitwa nani?"

Renata alitazama meza. "Casimir."

"Alifanya kazi wapi?"

"Kiwanda cha vichwa vya treni."

"Ana kovu hapa, la bomba la moto?"

"Analo."

"Basi tunafanana sana, mimi na huyo bwana. Ningependa siku moja tukutane."

Duane aliingia kutoka kazini, ndevu zimeganda. Wakati wa baridi alisukuma theluji kwa gari la manispaa, kiangazi alipaua nyumba za watu, na kote kuwili hapakuwa na bima ya matibabu. Alisoma majina kwenye mabakuli, akamtazama mkewe, akamtazama mkwe.

"Ameshajua?"

"Na wewe ulijua!" alifoka Mzee.

"Mzee wangu, mimi nilikufa kabla yako. Shairi la kwanza kabisa, kabla hatujaoana, nilizama ziwani. Hakuna jarida lililonitaka."

Hakuna aliyecheka ila Halina, ambaye hakusikia vizuri lakini aliona uso wa baba yake.

Kilichomtisha Renata hakikuwa Bernice wala misa. Chuo kilikuwa kinatafuta mwalimu wa ushairi, ajira kamili, mshahara wa kila mwezi na bima ya familia nzima. Waombaji walikuwa mia mbili na arobaini, wakabaki wawili. Mwenyekiti wa kamati, Profesa Prewitt, angekuja Alhamisi kumsikiliza akisoma. Na Profesa Prewitt alikuwa amemwandikia barua pepe ambayo Renata aliisoma mara moja tu, kisha hakuthubutu tena. Alimzika mama yake mwezi wa kumi, alisema, na tangu siku hiyo kitabu chake kiko kando ya kitanda. *Wewe unajua ninavyojisikia.*

"Akigundua nimemdanganya katika hilo," Renata alisema, "hata zile saa zangu atazichukua."

Mzee Casimir alisukuma sahani. Alimtazama mjukuu wake, aliyekuwa amesogea karibu na runinga mpaka pua inakaribia kugusa kioo, ili asikie.

"Kwa hiyo unataka nini?"

"Alhamisi ubaki nyumbani, Baba. Tafadhali."

"Kama maiti mwenye adabu."

"Baba..."

"Nimesikia."

*

Alhamisi Renata alifika maktaba mapema, amebeba sanduku la vitabu ishirini ambalo kwa miezi mitano lilikuwa limeegemeza kitanda cha Halina upande ule mbovu. Alizoea jioni hizi. Siku njema walikuja watu kumi na mmoja: wanne wanataka kusoma mashairi yao wenyewe, wawili wamekuja kupata joto, na mmoja daima huuliza choo kiko wapi katikati ya ubeti. Mkutubi alipanga viti kumi na tano, akaondoa vitatu ili ukumbi usionekane mtupu.

Saa moja kasoro robo wakaanza kuingia. Wakaja akina mama wote wa samaki wa Ijumaa. Ikaja timu ya bolingi, pamoja na yule shemeji wa meno. Mkutubi akarudisha viti vitatu, akaleta vingine, mwisho akatoa vile vidogo vya chumba cha watoto, na Eugene mwenye kilo mia na ishirini akakaa kwenye kiti chenye picha ya bata. Mji mzima ulikuwa umesikia kwamba Caz Wojtas amekufa na hajambo. Mtu mmoja tu ukumbini hakuwa amesikia: bwana mrefu mwenye koti la kijivu, safu ya kwanza, kitabu kilichochakaa magotini.

Saa moja kamili mlango ukafunguliwa, na Mzee Casimir akaingia na mkongojo wake, ndani ya suti nyeusi ya mazishi. Renata alishika meza.

Mzee alikwenda moja kwa moja kwenye kiti kilichokuwa wazi kando ya Profesa, akampa mkono. "Mimi ni baba yake mdogo," alisema, kwa sauti ya mtu aliyefanya mazoezi mbele ya kioo. "Mdogo wake marehemu. Kutoka Buffalo."

Timu nzima ya bolingi ikaanza kukohoa.

"Pole sana, bwana," alisema Profesa Prewitt, na hakuuachia ule mkono. "Naona kama nilimfahamu. Alikuwa mtu wa namna gani?"

Hapo Mzee angeweza kusema maneno mawili akanyamaza. Lakini nani mwingine angepata nafasi kama ile? "Mtu wa pekee," alisema. "Mkarimu. Mvumilivu. Na kwa bolingi, mji huu haujaona mfano wake. Hata Eugene yule pale kwenye bata atakuambia."

"Alikuwa wa wastani," alisema Eugene.

Renata alianza kusoma. Shairi la kwanza lilikuwa la baba akitoka kiwandani alfajiri, kisanduku cheusi cha chakula kikigonga paja.

"Kilikuwa cha kijani," alisema baba mdogo wa Buffalo.

Renata aliendelea. Katika la pili baba alimwimbia binti yake nyimbo za kwao za zamani.

"Marehemu hakuwa mwimbaji," baba mdogo akamnong'oneza Profesa, na ukumbi wote ukasikia. "Hilo wamemwongezea."

Bernice alimpiga begani na mkoba. Renata akageuza ukurasa, akafika pale alipokuwa akipaogopa. Lilikuwa shairi fupi.

*Jioni ile ulikula pichi za kopo kwa kijiko cha plastiki.*
*Ya mwisho ukanisogezea, ukasema umeshiba.*
*Baba, tangu nikujue hujawahi kushiba.*
*Niliila yote, na asubuhi wakakuchukua.*

Ukumbini hakuna aliyekohoa. Renata aliinua macho, akamwona Profesa Prewitt ameziba uso kwa leso, mabega yanatikisika. Kisha akamwona baba yake. Mzee alikuwa hajawahi kulisikia shairi hilo. Alikuwa amegeukia ukutani, kwenye bango la usafi wa meno, akilisoma kwa bidii kubwa, kidole gumba kikisugua mkongojo.

Lilikuwa limebaki shairi moja, na huko baba alizikwa. Renata alifungua ukurasa. Akaufunga.

"Profesa Prewitt," alisema. "Baba yangu hajafa. Ndiye huyo uliyekaa naye."

"Tunajua!" alisema Eugene, na ukumbi mzima ukaangua kicheko, kilichobanwa tangu Jumatatu. Akina mama walipiga makofi. Yule shemeji alicheka mpaka akashika meno yake. Profesa peke yake hakucheka, na walipomwona hacheki, kicheko kikafa safu kwa safu mpaka nyuma.

Alisimama. Kitabu alikishika kwa mikono miwili. "Nilikisoma hiki usiku wa siku niliyomzika mama yangu," alisema, na sauti yake haikuwa ya hasira, afadhali ingekuwa. "Nilidhani kuna mtu mwingine aliyefika huko."

Renata alifungua mdomo. Ule utetezi wote wa kazi yao, kwamba 'mimi' wa kwenye shairi si mwandishi, alikuwa nao tayari, na Profesa mwenyewe ndiye aliyeufundisha darasani kwa miaka ishirini. Ulimwishia ulimini.

"Nilifika," alisema. "Walisema upasuaji utachukua saa mbili. Zikawa sita. Daktari alikuwa ametuambia usiku kwamba tusitegemee sana. Saa ya tatu nikamwona muuguzi anatoka analia, akanipita bila kunitazama, nikajua. Nilikuwa sina karatasi, nikaandika nyuma ya fomu zao. Kwa saa tatu baba yangu alikuwa amekufa. Halafu wakaja wakasema mzima, anaomba chakula." Akajifuta pua kwa mkono kama mtoto. "Sikujua yale niliyoandika niyapeleke wapi. Sikupaswa kukubali pole ya mtu. Hilo ni kosa langu. Lakini sikuyatunga kwa ajili ya soko."

Mzee Casimir hakuwa akitazama meno tena.

"Na pichi?" Profesa alimgeukia. "Zile pichi?"

"Nilikula," alisema Mzee. "Kopo moja, usiku wa kabla. Na sikuwa nimeshiba."

Profesa Prewitt alisimama kidogo zaidi, kama mtu anayetafuta koti lake. Halafu akakaa. Akakifungua kile kitabu ukurasa uliofuata.

"Limebaki moja," alisema. "Lisome."

Akalisoma. Mzee Casimir akasikiliza akizikwa, akiwa ameinamisha kichwa, na Renata alipofika kwenye theluji juu ya jeneza, Mzee alitikisa kichwa kwa kuridhika, kama mtu aliyekagua kazi akaikuta sawa.

Vitabu vyote ishirini viliisha kwa dakika kumi, jambo ambalo halikuwahi kutokea, na hakuna aliyetaka kimoja kisicho na sahihi mbili. Mzee alikaa kando ya bintiye akiandika kwa herufi kubwa: CASIMIR WOJTAS, MAREHEMU. Eugene alipofika kwenye meza, Mzee hakuishika kalamu.

"Bolingi ya Jumatano," alisema.

"Jumatano ni yako," alisema Eugene. "Tumefungwa mara tatu. Sasa andika, bwana."

*

Dola kumi Padri Mroz hakuzirudisha. Alisema nia iliyokwisha kuchapwa imechapwa, na sala haiharibiki kwa kuwahi. Kwa hiyo Jumapili saa nne Mzee Casimir alikaa benchi la mbele na suti yake, na padri aliposoma "kwa roho ya Casimir Wojtas," kanisa zima lilinyoosha shingo kumtazama. Aliitikia kwa sauti kubwa kuliko wote. Bernice alisema baadaye kwamba misa ile ililipa.

Nyumbani walikula viazi vya msiba. Mabakuli yalikuwa yamefika saba, na hayakuweza kurudishwa kwa wenyewe mpaka yaishe. Walikuwa katikati ya bakuli la nne simu ya Renata ilipolia. Alikwenda nayo barazani bila koti, na kupitia dirishani walimwona akitembea, akisimama, akishika kichwa. Akarudi ndani. Akambeba Halina, akamweka mapajani, akambusu sikio la kulia, kisha la kushoto.

"Mwaka mmoja kwanza," alisema. "Bima inaanza mwezi wa nane."

Duane alipiga meza mpaka chembe za mahindi zikaruka. Mzee alijifanya anatafuta chumvi.

"Profesa amesema mwingine ndiye aliyekuwa na vyeti vingi zaidi," Renata aliendelea, akicheka na kulia. "Akasema yeye bado ana uchungu na mimi, na nisimtegemee anisalimie kwa furaha kabla ya kiangazi. Halafu akauliza kitabu cha pili kinahusu nini."

Duane aliweka uma chini. "Mimi nilishazama mara moja," alisema. "Usinitazame."

"Mama, nani anakufa?" Halina akauliza kwa sauti yake ya kuita mtu ng'ambo ya barabara.

"Hakuna, mwanangu. Kula."

Mzee Casimir alijikongoja mpaka kabatini, akarudi na kopo la pichi. Alilifungua taratibu, akawagawia kwenye vibakuli: Halina mbili, Duane mbili, mwenyewe mbili, Renata mbili. Ndani ya kopo ikabaki moja. Aliitoa kwa kijiko, ikaning'inia na sharubati yake, akaivusha juu ya meza mpaka kwenye kibakuli cha bintiye.

"Chukua," alisema. "Mimi nimeshiba."

Renata aliitazama ile pichi. Akaichukua kwa kijiko chake, akairudisha kule ilikotoka.

"Muongo," alisema. "Kula, Baba."

Akala.